Ami, wananiita kiraka

Assalaam aleykum Ami, na shkamoo. Mie nakusoma siku nyingi ila sijapata kukuandikia, leo imebidi maana usingizi hauji, saa hizi ni saa tisa za usiku ndo kwanza nimerudi Kendwa na boda, gitaa mgongoni, mvua imenikamata Mahonda mpaka mjini na yule dereva wa boda njia nzima ananihadithia habari za Simba na Yanga kama vile hakuna mvua.

Nna miaka 29, nakaa Jang'ombe, kazi yangu gitaa. Nasema kazi lakini ndo hapohapo penye tatizo. Nilianza na gitaa la mjomba lililokuwa na nyuzi nne tu, nikaja kuingia skuli ya muziki Mji Mkongwe, nikajifunza kupiga udi kidogo (mie na udi hatukuelewana), halafu akaja mwalimu mmoja wa kujitolea kutoka nje akatuekea muziki wa Wes Montgomery, mpiga gitaa wa jazz wa Marekani. Wallahi Ami siku ile nilirudi nyumbani sikula. Nkajua ndo hiki nnachokitaka.

Sasa nikwambie wiki yangu ilivyo. Ijumaa usiku napiga jazz na wenzangu wawili, mmoja besi mmoja dramu, juu ya paa la hoteli moja hapo mjini, wageni wanakula pweza wao na sisi tunapiga, anaetusikiliza kweli ni yule mhudumu anaesubiri sahani. Jumamosi Kendwa, kule ni kopi tupu za nyimbo za watu, rege, salsa kidogo, na Waitaliano wana nyimbo yao lazima waipate la sivyo hawaendi kulala. Jumapili kukiwa na harusi nachukuliwa na kikundi cha taarab ya kisasa, natia gitaa la solo. Katikati ya wiki mchana kuna prodyuza wa Fuoni ananipigia simu, "njoo unitilie gitaa hapa kidogo", naenda, nusu saa nishamaliza, elfu ishirini mkononi, nyimbo inatoka inapigwa kila daladala na jina langu halipo popote. Na mwaka juzi nilipanda hadi Ngome Kongwe kwenye tamasha la Sauti za Busara nikimpigia msanii mmoja, nikafurahi mno, nlipotelemka jukwaani mtu akaniuliza "wewe uko bendi gani?" nikakosa la kumjibu.

Hapo ndo nakuja. Wenzangu wameniekea jina, wananiita Kiraka. Mwanzo nlikuwa nacheka, saivi linaniuma. Mpiga besi wangu wa jazz, ambae ni rafiki yangu wa kufa na kuzikana, juzi kaniambia mbele za watu kwamba mkono wangu umeharibika, nikipiga jazz unasikia harusi ndani yake. Haikupita wiki nko kwenye harusi ukumbini, mwimbaji kashika beti, mie nkatia kodi moja nzuri ya jazz, sauti kadhaa kwa mpigo mmoja, chini yake, nilivoipenda mwenyewe, mzee wa fidla akageuka akanitizama, hakusema kitu, akanitizama tu mpaka nyimbo ikaisha. Tulipokuwa tunakunja nyaya akanambia "kijana mikono unayo, lakini hujui umeingia nyumba ya nani". Yaani Ami kule sio wa kule na huku sio wa huku.

Kubwa zaidi, nimepeleka posa. Baba wa binti kaniuliza kazi nkasema mwanamuziki, napiga jazz. Akanyamaza kidogo akasema "Jazz? Kama Morogoro Jazz ya kina Mbaraka Mwinshehe?" nkasema hapana baba, jazz ya Marekani. Uso ukabadilika. Kasema nikapate kitu cha uhakika ndo nirudi.

Na uhakika umekuja, ndo maana silali. Hoteli moja upande wa Kiwengwa wanataka kunipa mkataba wa mwaka. Laki sita na nusu kwa mwezi, chakula na chumba cha wafanyakazi, napiga siku sita kwa wiki, kopi za kwao wanazozitaka. Sharti: nisipige pahala pengine popote mwaka mzima, hata harusi, hata studio. Wanataka jibu wiki ijayo. Mama anasema saini. Mpiga besi anasema nikisaini nimekufa. Mie nauliza Ami, je mtu anaweza kweli kuishi kwa kupiga kila kitu, au lazima nichague moja niwe mtu wa hiyo? Na huu mkataba vipi?

Kiraka, Jang'ombe

*

Waaleykum salaam mwanangu, marahaba.

Kabla ya yote, hiyo gitaa ilikuwa ndani ya mfuko wa kitambaa? Kwenye mvua, Mahonda mpaka mjini? Kama ndiyo basi kwanza kaifute sasa hivi, ilegeze nyuzi, iache iwazi nje ya mfuko mpaka kesho, usiianike juani. Halafu rudi usome. Na ununue plastiki kubwa ya kufunikia, zile za kufunikia magodoro, bei yake haifiki pesa ya boda ya usiku mmoja.

Haya. Kiraka. Nyie vijana mnapenda mpira kuliko mnavopenda wazee wenu, basi nniambie, kocha akisema fulani ni kiraka anamtukana? Kiraka ni yule akiumia beki wa kulia anaingia, akikosekana kiungo anaingia, na kocha wa maana hamwachi nje ya safari hata siku moja. Shida ya kiraka ni moja, na hiyo sikufichi: watu wanakumbuka alieweka goli, kiraka wanamkumbuka siku hayupo. Hilo ndo linalokuuma, sio jina. Na lina dawa yake, ntakuja.

Umeniuliza kama mtu anaweza kuishi kwa kupiga kila kitu. Mwanangu, wapiga gitaa wa jazz wengi unaowahusudu ndivyo walivoishi. Wewe umemtaja Wes Montgomery. Huyo bwana wakati anajenga jina kwao Indianapolis alikuwa na kazi ya kiwandani mchana na usiku anapiga vilabuni, tena ana watoto wa kulisha. Kile kidole gumba anachopigia kila mtu anakisifia, asili yake ni majirani kulalamika kelele, akaacha pluga, kile kijidude cha kukwanyulia nyuzi, akatumia nyama ya gumba ili sauti iwe laini. Na miaka yake ya mwisho kabla hajafa 1968 akarekodi nyimbo za kipopu za watu wengine na mafidla mengi nyuma, wenye jazz wao wakanuna, sahani za santuri zikauzwa. Sasa nimwone mtu aseme Wes hakuwa mwanajazz.

Barney Kessel, mpiga gitaa mwengine, karekodi na Charlie Parker wa saksafoni mwaka 1947, kakaa kwenye kundi la Oscar Peterson wa piano, hiyo ni jazz yenyewe hasa, na miaka ya 60 utamkuta studio Los Angeles anawapigia Beach Boys, bendi ya kipopu. George Benson kaanza kinda kwenye kundi la Jack McDuff, mwaka 1976 katoa albamu akaimba humo, ikauzwa mamilioni, na mpaka leo kuna watu hawajamsamehe, yeye keshanunua nyumba.

Na yuko mmoja nataka ukamtafute, Tommy Tedesco. Huyu alikuwa mtu wa jazz aliegeuka mpiga gitaa wa kukodishwa studio, sinema, televisheni, matangazo, nyimbo za kila aina, na kama wewe na prodyuza wako wa Fuoni, jina halikuandikwa kwenye sahani nyingi alizozipiga. Akiitwa kuja na ala yoyote ya nyuzi, ya Kigiriki, ya Kitaliana, anaijia nayo, ila siri yake ni kwamba anaifunga sauti kama gitaa kisha anapiga kama hakuna kilichotokea. (Usithubutu kuufanyia udi hivo mbele ya wazee wa klabu ya taarab. Ntakukana.) Lakini alichokuwa nacho Tedesco ni kusoma noti. Karatasi ikiekwa mbele yake anaisoma kama wewe unavosoma meseji. Wewe unasoma? Hukunambia. Ulipita skuli ya muziki kwahivyo walikufunza, suala ni kama umeiendeleza au umeiacha ikaota ukungu. Kama umeiacha, dakika ishirini kila siku baada ya alfajiri, kabla hujashika simu.

Sasa turudi kwa mzee wa fidla, maana hapo umenikuna, mie mwenyewe nimeshika fidla kwenye klabu ya taarab miaka na miaka baada ya kushika besi ya dansi. Alikutizama. Unajua kwa nini? Wewe ulitia kodi nzuri, sikatai. Lakini ilikuwa kwenye nyimbo ya maqam gani, yaani ule mpangilio wa sauti wa Kiarabu? Nakisia tu, lakini kama ni Rasti basi nimeshakujua. Ile sauti ya tatu ya Rasti haipo kwenye gitaa lako. Imekaa katikati, sio ya kufurahi sio ya kulia, iko baina ya freti na freti, vile vyuma vya shingoni mwa gitaa. Mwimbaji anaikalia hapo, fidla inaikalia hapo, ile ala ya kanuni ina vile visu vyake vidogo ubavuni inajiweka sawa, halafu unakuja wewe na kodi ya meja, ile ya kufurahi, yenye sauti sita ndani, ile ya tatu umeigongomea msumari pahala pasipo pake. Mwimbaji anasikia kama kamwagiwa maji. Na ukitia mainor, ile ya kulia, ndo umezidi kuharibu.

Dawa yake ni kuondosha hiyo ya tatu. Piga ya kwanza na ya tano tu, tia na ya nne ukipenda, ziache wazi. Ukitaka solo, basi anzia freti ya mainor uvute uzi kidogo sana, usifike meja, sikiliza fidla ilipo kisha isogelee taratibu. Bayati nayo ni hivohivo ila kilicho katikati ni sauti ya pili. Siku utakapovuta ule uzi ukafika pale pale na mzee, atageuka tena akutizame, lakini utaona tofauti ya macho. Hiyo ndo maana ya "nyumba ya nani". Alikuwa hakufukuzi, alikuwa anakwambia vua viatu.

Na ukishaijua hiyo utakuja kuona kitu: hao wenzako wa jazz hawana. Mpiga besi wako anasema anasikia harusi ndani ya mkono wako kama kwamba ni ugonjwa. Muulize Lionel Loueke, mpiga gitaa, mtoto wa Benin, kazaliwa 1973, kaenda kusoma Ivory Coast, akaenda Paris, akaenda Boston, mwisho Herbie Hancock mwenyewe, yule mkubwa wa piano ya jazz, akamchukua kwenye bendi yake. Kule Marekani wapiga gitaa wa jazz wanaojua kodi zote wamejaa tele. Walimchukua kwa sababu akipiga unasikia kwao, unasikia ngoma, unasikia mdomo wake ukipiga vidoko kama anazungumza na gitaa. Harusi ya kwao ilikuwa ndani ya mkono. Na Bill Frisell, mpiga gitaa Mmarekani, mwaka 2003 katoa albamu kaweka mtu wa ngoma kutoka Mali na mtu wa udi ndani yake, kabla ya hapo kashakwenda mpaka muziki wa mashamba wa kwao, na popote anapokwenda noti tatu tu unamjua.

Hiyo ndo dawa niliyokuahidi. Noti tatu. Fanya hivi: wiki hii jirekodi kwa simu pahala pote unapopiga, paa la mjini, Kendwa, harusini, na Fuoni mwambie prodyuza akupe gitaa lako peke yake. Kaa nazo siku ya mapumziko, zisikilize mfululizo gizani. Kama katika zote nne unasikia mtu mmoja yuleyule, anavoingia kwa kuchelewa kidogo, anavomalizia uzi, anavonyamaza, basi huna tatizo lolote, unayo sauti, kilichobaki ni watu kuijua. Kama unasikia watu wanne kila mmoja anamwiga mtu, basi rafiki yako kakosea maneno lakini kaona kitu. Mie siwezi kukuamulia kutoka hapa, sijakusikia.

Na tusijidanganye kwamba kuna muziki safi na muziki wa viraka. Taarab yenyewe hii, inasimuliwa Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, alimpeleka mtu Misri akajifunze kanuni, Ikhwani Safaa wakaanzisha klabu yao 1905, Siti binti Saad akaenda kurekodi Bombay 1928, zikaingia tuni za sinema za Kihindi, zikaingia bolero na rumba, akodiani ikatoka huko ilikotoka ikakaa, leo ukiitoa watu wanasema umeua taarab. Hata neno jazz, kwetu liliingia likavaa kanzu. Dar es Salaam Jazz wameanza 1932, kuna Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, Nuta Jazz, na hakuna hata mmoja alokuwa anapiga ile ya Wes. Lilikuwa neno la kusema sie bendi ya kisasa, tunalo gitaa, njooni mucheze.

Kwahivyo ulipomkatalia baba mkwe ulimkosea. Mzee wa watu kakufungulia mlango, kataja kitu anachokipenda, na wewe ukamjibu "hapana baba, ya Marekani". Khaa! Huyo mtu ujana wake wote Mbaraka alikuwa anatoka redioni. Nenda kachukue solo moja ya Mbaraka Mwinshehe, ichukue noti kwa noti, usiitie ujanja wako, uone kama ni rahisi. Utajifunza kuliko unavofikiri, yule mtu alikuwa anasimulia hadithi kwa uzi mmoja, ana subira ambayo nyinyi wa jazz mnaikosa. Kisha siku ukienda, nenda na gitaa lisilo la umeme, usijitangaze, liache pembeni. Atauliza mwenyewe.

Sasa mkataba. Hapa nitazungumza kwa ukali kidogo kwa sababu yashanikuta. Miaka hiyo nko na bendi ya dansi, usiku mwingine nakwenda kushika fidla klabu, mkubwa wa bendi akanambia chagua, ama huku ama kule, akanipandishia posho. Nikachagua bendi. Klabu wakachukua mtu mwengine, haki yao. Haikupita miaka miwili bendi ikafa, ampli zikauzwa, nikabaki na besi na sina pa kuichomeka. Kurudi klabu ilinichukua muda mrefu sana na nilianza tena nyuma kabisa, kiti cha mwisho karibu na mlango.

Usisaini huo ulivo. Lakini usiukatae pia, mama yako hajasema ujinga. Laki sita na nusu ya kila mwezi si kitu cha kupigia teke, ila kaa chini na karatasi. Siku sita kwa wiki ni kama usiku ishirini na sita kwa mwezi, gawa uone usiku mmoja unalipwa shilingi ngapi. Mie imenijia elfu ishirini na tano. Fuoni kwa nusu saa wanakupa elfu ishirini. Umeona? Wanachonunua hapo kikubwa ni kukufungia, na kufungiwa kuna bei yake na hawajailipa.

Rudi kwao kwa heshima, usiende na mpiga besi maana ataharibu, useme: nataka siku nne au tano, siku zilobaki ni zangu napiga nitakapo, isipokuwa hoteli nyengine za upande huohuo wa Kiwengwa. Hilo lina akili na meneja yeyote atalielewa, anaogopa mgeni akuone jirani kwa bei rahisi, harusi ya Mwanakwerekwe haimhusu. Uliza pia, na hili waandike, Aprili na Mei wakati wa masika hoteli ikifunga au ikipunguza wafanyakazi unalipwa au unaambiwa nenda kwenu tutakuita? Mwezi wa Ramadhani je? Ampli ikiungua umeme wao ukicheza, ya nani? Kama watakataa kuandika masika, basi sio mkataba wa mwaka huo, ni wa msimu umevishwa nguo ya mwaka, na baba mkwe ukimwonesha itakuwa umemwonesha uongo.

Wakikataa kabisa, wewe endelea na maisha yako ya viraka lakini uyatie adabu. Pesa za msimu, kuanzia Juni mpaka Oktoba na tena Disemba mpaka Februari, zisiishie msimuni, toa fungu la masika kabla hujala. ZSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, wana mpango wa hiari wa sie tuliojiajiri, kaulize. Jina lako halipo kwenye nyimbo kwa sababu hujaliomba, wewe unachukua elfu ishirini unakimbia boda. Mwambie prodyuza, kabla hujachomeka waya, kwamba pale anapoandika maelezo ya nyimbo kwenye YouTube aandike gitaa kapiga nani. Atakubali, hakimgharimu kitu. Na pale ulipotunga wewe ile tuni ya gitaa ambayo ndo watu wanaiimba, hapo sio elfu ishirini tena, hapo mzungumze mgao na uende COSOZA, wale wa hakimiliki wa Zanzibar, ukasajili. Najua utaona haya. Ona haya mara moja tu.

Na ile jazz ya Ijumaa usiiache hata wakikulipa soda. Ila acheni kupiga kwa ajili ya pweza. Chukueni nyimbo moja, moja tu, ya zamani ya hapa hapa kwetu inayojulikana na kila mhudumu, muipige kwa namna yenu wote watatu, wewe ukivuta huo uzi wa Rasti na besi akanyamaze kidogo kwa mara ya kwanza maishani mwake. Nataka nijue yule mhudumu wa sahani atafanya nini.

Swali ambalo hukuliuliza lakini nnalijua, nyuzi. Jang'ombe huko na Kendwa, chumvi ya bahari na jasho, seti inakula kutu haimalizi mwezi. Huyo Loueke niliekutajia, kwao nyuzi zilikuwa shida kupatikana, usiku alikuwa anazivua anazilaza ndani ya siki ili zipate uhai, na uzi ukikatika hana mwengine anafunga waya wa breki ya baskeli. Siki nimeijaribu mie kwenye nyuzi za besi, inasaidia, ila uzioshe maji na uzikaushe kabisa kabla ya kuzirudisha. Waya wa baskeli usijaribu, utavunja shingo ya gitaa halafu uje kunililia tena saa tisa za usiku. Kabatini nna seti moja ya gitaa niliipewa na mgeni zamani, haijafunguliwa, sijui kama kutu haijaingia humo ndani kwenye bahasha. Ukishamaliza na watu wa Kiwengwa niandikie wamesema nini, na hiyo seti ntakupa.